Disleksia si tatizo la macho

Watu wengi huamini kwamba mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika, huona herufi zimegeuka. Imani hiyo ina historia. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za mvulana mwerevu aliyeshindwa kusoma, na hali hiyo akaiita upofu wa maneno. Jina likavuta fikra kwenye macho, na hadi leo wazazi hushauriwa kununua miwani ya rangi.

Kwa kawaida macho hayana kosa. Ugumu uko kwenye sauti: kutambua kwamba "kata" na "kaka" zinatofautiana kwa sauti moja tu, kisha kuioanisha sauti hiyo na herufi yake bila kusitasita. Kuchanganya b na d, ambako hutisha sana wazazi, ni jambo la kawaida kwa watoto wanaoanza kusoma. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho nchini Marekani vilitamka kwa pamoja kwamba hakuna ushahidi kuwa lenzi za rangi husaidia.

Kinachosaidia ni kufundishwa sauti na herufi hatua kwa hatua, kwa marudio mengi. Programu zinazosoma maandishi kwa sauti nazo zinafaa, pamoja na muda wa ziada wa mtihani. Na tafadhali, mtoto anayesikiliza kitabu asiitwe mvivu; anasoma kwa njia iliyo wazi kwake.