Eti zulia la mkono lazima rangi ilingane?

Jamani, wiki hii tu wameshakuja wateja watatu hapa dukani Majengo na wimbo ule ule, "mbona huku bluu imekolea na huku imepauka, umeniuzia lililokaa juani?" Halijakaa juani! Limesukwa kwa mkono, ndo maana. Sufu inatiwa rangi kwa mafungu, fungu la leo na la wiki ijayo hayatoki sawa hata rangi iwe ile ile, maji yamebadilika, sufu yenyewe ni ya kondoo tofauti, sasa msukaji anafunga mafundo safu kwa safu, fungu likiisha anaanza jingine na hapo ndo unaona mstari umekata zulia kwa upana. Wenyewe wanaita abrashi, na kuna viwanda siku hizi vinaiga makusudi ili kapeti la mashine lionekane la mkono, we unalikimbia la kweli.

Kama ni jua utajua tu. Fungua manyoya kwa vidole uangalie chini kwenye fundo, lililopigwa na jua juu limepauka na chini limekolea, abrashi ni rangi moja kutoka ncha mpaka fundoni. Mama mmoja wa mtaa wa Kisasa nimemwonyesha, tumepiga magoti wote wawili, kaangalia, kaguna, halafu kaenda kununua la mashine sababu "lile limenyooka". Haya mama. Zabibu za Hombolo kwenye kichala kimoja hazilingani na tunazila.

Eti lina matamvua basi ni la mkono. Matamvua yanashonwa na cherehani! Ya kweli ni ncha za nyuzi za mtande wenyewe, zile za urefu zinazofungiwa mafundo, zimepita ndani ya zulia zima. Mi nasema kila siku, geuza mgongo: mafundo na mchoro vionekane nyuma kama mbele. Ukikuta kitambaa kimegandishwa na gundi, hilo halijafungwa fundo hata moja, na gundi ikizeeka inamwaga unga sakafuni.

Mchoro wa kale, zulia la kale? Hapana. Zulia la mafundo la zamani kuliko yote yaliyobaki mazima ni la Pazyryk, lilifukuliwa mwaka 1949 kwenye kaburi lililoganda barafu kule milima ya Altai, Siberia, lina miaka zaidi ya 2,000, pembeni lina wapanda farasi na kulungu. Mchoro ule mtu anaweza kuusuka leo, na bei iwe ya leo, sio ya kaburini.

Na acheni kufua sufu kwa sabuni ya unga mkaanika jua la saa saba. Vumbi letu hili la Agosti halitaki maji, laza zulia kifudifudi, pigapiga mgongo kwa kiganja, linyanyue, uone mchanga ulioachwa sakafuni.