Asiyekutazama machoni huenda ndiye anayesikiliza

Kikaoni, mwenzako mwenye usonji (autism, hali ya ubongo inayobadilisha namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mazingira) anatazama meza huku akizungusha kifuniko cha kalamu, na wengi wanahitimisha: huyu hayupo nasi. Mara nyingi ni kinyume chake. Kwa baadhi ya watu wenye usonji, kutazamana macho kwa macho kunachosha, hata kunaumiza. Ukimlazimisha, nguvu za kufuatilia maneno yako zinaishia kwenye macho. Kuchezea kitu mkononi nako, hasa kwa mwenye ADHD (hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutuliza umakini na mwili), huweza kumsaidia kutulia.

Basi pima usikivu kwa majibu na kazi. Tuma ajenda siku moja kabla, pamoja na maswali utakayomuuliza. Ukishauliza, nyamaza kama sekunde 10. Wengi wetu hatuvumilii hata 3: tunarudia swali kwa maneno mengine, naye inambidi aanze upya kulichambua. Akitaka kujibu kwa maandishi baadaye, mwache.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, liko kwenye maagizo. "Iangalie hii ukipata nafasi" haisemi afanye nini wala lini. Andika: "Kagua jumla za ukurasa wa 2, niletee orodha ya makosa kabla ya Alhamisi saa 6 mchana."

Usisubiri cheti cha daktari ndipo uanze. Wala usiitangaze hali yake mbele ya wenzake, hata kwa nia njema. Hiyo ni siri yake. Ajenda ya mapema wape wote, hakuna atakayelalamika.