Je, Wajua? Mwili Utakaofufuka Siku ya Kiyama Ni Ule Ule Uliozikwa?

Katika mazishi ya Kikristo kwenye makaburi ya Mbaraki, kama ilivyo kwenye makaburi mengine ya Mombasa, padre au mchungaji hutupia udongo juu ya jeneza huku akitamka kwamba marehemu anarudi mavumbini kwa tumaini la ufufuo. Waombolezaji huitikia "Amina", wimbo ukaanzishwa, na ni wachache wanaobaki kujiuliza maneno hayo yanaahidi nini hasa. Ukiwauliza baadaye watu watakuwaje huko mbinguni, wengi watakujibu kwamba watakuwa roho tupu, wameachana na mwili moja kwa moja. Jibu hilo limezoeleka mno, hata katika hotuba za rambirambi, lakini halipatani na imani ambayo makanisa mengi yanaikiri. Kanuni ya Imani ya Mitume, inayokaririwa na Wakatoliki na Waanglikana vilevile, inataja ufufuko wa mwili, na Kanuni ya Nisea, iliyopata umbo lake kamili Konstantinopoli mwaka 381, inamalizia kwa kungojea ufufuko wa wafu. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayotaja kutokufa kwa roho.

Fundisho hili Wakristo walilirithi kwa Wayahudi. Kitabu cha Danieli, katika sura ya 12, kinasema kwamba wengi walalao katika mavumbi ya nchi wataamka, na wakati wa Yesu jambo hilo lilikuwa limewagawa Wayahudi wenyewe: Mafarisayo waliliamini, Masadukayo wakalikataa. Jirani Mwislamu wa Mji wa Kale naye hataliona geni, kwa kuwa Surat al-Qiyama inamjibu anayedhani kwamba mifupa yake haitakusanywa, ikamwambia kuwa hata ncha za vidole vyake zitawekwa sawa. Pale ambapo Wakristo wanaachana na wenzao ni katika dai lao kwamba mfano mmoja wa mwili wa kiyama umekwisha kuonekana, ukashikwa kwa mikono, tena na watu waliomjua mwenyewe kabla hajafa.

Mfano huo ni Yesu, wala si Lazaro. Lazaro wa Bethania, ambaye habari zake zimo katika sura ya 11 ya Injili ya Yohana, alirudishiwa maisha yake ya zamani na kwa kawaida ya wanadamu alikuwa hana budi kufa mara ya pili. Habari za Yesu baada ya Pasaka zimeandikwa kwa namna nyingine kabisa, na ukizisoma kwa uangalifu utaona kwamba waandishi hawakujaribu kuficha utata wake. Katika Luka 24 wanafunzi wanadhani wameona roho, naye anawaambia wamshike, kwa kuwa roho haina mwili na mifupa, kisha anaomba chakula na kula samaki wa kuokwa mbele yao. Lakini katika sura hiyo hiyo watu wawili wanaandamana naye njiani hadi Emau bila kumtambua, na mara wanapomtambua anatoweka. Katika Yohana 20 anawatokea wanafunzi ilhali milango imefungwa, halafu anamwambia Tomaso atie kidole katika alama za misumari. Maria Magdalena alimdhania kuwa mtunza bustani mpaka alipoitwa jina lake. Mtu anayetunga hadithi ya mzuka asingeweka samaki, na anayetunga hadithi ya maiti iliyozinduka asingeweka milango iliyofungwa. Kwa maoni yangu, mvutano huo ndio kiini cha fundisho lote: mwili ni ule ule, hata jeraha linaonekana, lakini haufungwi tena na mipaka ile ile.

Mtume Paulo ndiye aliyejaribu kuueleza mvutano huo kwa hoja. Barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, iliyoandikwa katikati ya miaka ya 50, ilikwenda kwa watu wa mji uliokuwa na bandari mbili na wageni wa kila dini, hali ambayo mkazi wa Mombasa haimtatizi kuiwazia. Baadhi yao walikuwa wanasema hakuna ufufuo, wengine wakiuliza kwa kebehi wafu watakuja na mwili gani. Paulo aliwajibu kwa mfano wa mbegu: kinachofukiwa ni punje tupu, kinachochipuka kina umbo jingine, na bado hakuna anayesema kwamba kilichoota ni kitu kigeni kwa ile punje. Kisha akaongeza maneno ambayo yamezua mabishano hadi leo, kwamba "hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho", na mistari michache mbele kwamba nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu.

Je, hapo Paulo hakusema kwamba mwili wenyewe utayeyuka, ibaki roho? Wasomaji wengi wameelewa hivyo, na si ajabu. Hata hivyo, katika sura ya 2 ya barua hiyo hiyo Paulo anamtaja "mwanadamu wa tabia ya asili" na kumtofautisha na "mtu wa rohoni", na wote wawili ni watu wa nyama na mifupa wanaotembea mitaani; kinachowatenganisha ni nguvu inayowaongoza. Kwa hiyo wafafanuzi wengi huona kwamba mwili wa roho ni mwili uliotawaliwa na kuhuishwa na Roho wa Mungu, na kwamba nyama na damu ni namna ya kuutaja ubinadamu wetu wa sasa, unaougua na kuoza. Barua kwa Wafilipi inasema waziwazi kwamba Kristo ataubadili mwili wetu wa unyonge ufanane na mwili wake wa utukufu. Kinachobadilishwa hakitupwi.

Ugumu mkubwa ulikuja baadaye, wapinzani wa kipagani walipouliza kuhusu vitu vyenyewe ambavyo mwili umeumbwa navyo. Mtu akizama baharini akaliwa na samaki, na samaki huyo akaliwa na mtu mwingine, nyama hiyo siku ya mwisho itakuwa ya nani? Athenagora wa Athene, mwandishi Mkristo aliyeitetea imani, alilihangaikia swali la namna hiyo tangu karne ya 2. Kwa mji wa bandari hili halijawahi kuwa fumbo la darasani. Mwezi Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, na karibu watu 1,300 wakafa, wakiwemo askari wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengi wa jamaa zao hawakupata maiti ya kuzika. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 20, kinasema kwamba bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake, lakini hakielezi itawatoaje.

Majibu yaliyotolewa yalikuwa ya aina mbili. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5, alishikilia kwamba Muumba aliyeziumba chembe hizo anajua zilipo na ni za nani kwanza, na atazirudisha kwa mwenyewe. Origene wa Aleksandria, aliyemtangulia kwa karibu miaka 200, alikuwa ameona mbali zaidi, ingawa baadaye mafundisho yake kadhaa yalilaaniwa. Yeye alisema kwamba hata tukiwa hai mwili wetu unatiririka kama mto, unaingiza na kutoa kila siku, na kinachotufanya tubaki sisi ni umbo linaloushikilia. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, naye alikiri kwamba vitu vya mwili huja na kuondoka, lakini mtu akabaki yule yule kwa sababu ya nafsi inayoupa mwili umbo lake. Mzee wa miaka 70 hana chembe zote alizokuwa nazo siku ya ubatizo wake, na hakuna anayedai kwamba aliyebatizwa alikuwa mtu mwingine.

Kutokana na hoja hiyo, kuchoma maiti hakuwezi kumzuia Mungu kumfufua mtu. Kanisa Katoliki lilipokataza jambo hilo mwaka 1886 lilikuwa linawajibu watu waliolitumia kama ishara ya kuukana ufufuo. Mwaka 1963 likaliruhusu, na mwaka 2016 likaagiza kwamba majivu yawekwe mahali patakatifu, yasimwagwe baharini wala kugawanywa nyumbani. Waorthodoksi kwa jumla wanaendelea kukataa. Nchini Kenya, Askofu Mkuu mstaafu wa Kianglikana Manasses Kuria, aliyefariki mwaka 2005, alichomwa, jambo lililowashangaza waumini wengi, kwa kuwa huku kwetu uzito wa kuzika unatokana na mila sawa na unavyotokana na dini.

Agostino hakuishia kwenye chembe. Katika kitabu cha mwisho cha *Mji wa Mungu*, alichokikamilisha mnamo mwaka 426, aliuliza maswali ambayo watoto wa katekesi huyauliza na kuambiwa wanyamaze. Watu watafufuka na umri gani? Alidhani ni ule wa ukamilifu wa ujana, takriban miaka 30, kwa kuwa ndio umri wa Kristo. Mtoto mchanga, kama binti wa mmisionari Krapf aliyefariki mwaka 1844 siku chache baada ya kuzaliwa na kuzikwa upande wa Nyali karibu na mama yake Rosina, atapewa kimo ambacho angekifikia. Walikuwapo waliosema kwamba wanawake watafufuliwa wakiwa wanaume; Agostino alilikataa wazo hilo, akisema kwamba kuwa mwanamke si kasoro bali ni maumbile.

Jibu lake zuri kuliko yote, naona mimi, lilihusu makovu. Alifundisha kwamba ulemavu na kasoro zitaondoka, ila majeraha ya mashahidi wa imani yataonekana, tena kama pambo la heshima. Mombasa nayo ina mashahidi wa namna hiyo: Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa Goa kwa jina la Jerónimo Chingulia, aliwaasi Wareno na kuitwaa Fort Jesus, na miongoni mwa Wakristo waliouawa mjini walikuwamo watawa wa shirika linalofuata kanuni ya huyo huyo Agostino. Hata hivyo wazo lake la ulemavu halijapita bila kupingwa. Mwaka 1994 mwanateolojia wa Marekani Nancy Eiesland, aliyekuwa mlemavu tangu utotoni, alihoji kwa nini Kristo aliyefufuka abaki na mikono iliyotobolewa, ilhali mlemavu aambiwe kwamba hatakuwa yeye mpaka mwili wake ufutwe alama zake. Swali hilo bado halijapata jibu la kuwaridhisha wote.

Wanateolojia wa enzi za kati, akiwemo Tomaso wa Akwino, walizipanga sifa za mwili uliotukuzwa katika vipawa vinne: kutoteseka, kung'aa, wepesi wa kwenda, na kuitii roho kikamilifu. Kuhusu ndoa, Yesu mwenyewe aliwaambia Masadukayo kwamba katika kiyama watu hawaoi wala hawaolewi.

Makanisa hayakubaliani kuhusu kipindi cha kungojea. Wakatoliki na Waprotestanti wengi husema roho huishi mbele ya Mungu ikiusubiri mwili wake. Waadventista Wasabato husema mtu mzima amelala, hajui kitu, mpaka parapanda ilie. Tofauti yao hiyo haigusi mwili wenyewe utakavyokuwa. Inayougusa ni ile ya Mashahidi wa Yehova, wanaofundisha kwamba watu 144,000 watapewa uhai wa kiroho mbinguni, wengine wafufuliwe duniani katika mwili wa nyama, na kwamba Yesu mwenyewe alifufuliwa akiwa roho, akavaa miili ya muda ili wanafunzi wamwone. Wao hutegemea 1 Petro 3:18, panaposema kwamba Kristo aliuawa mwili, akahuishwa roho. Makanisa mengine huwajibu kwa alama za misumari alizoonyeshwa Tomaso, yakisema kwamba kama ule haukuwa mwili uliosulubiwa, basi Tomaso alionyeshwa majeraha ambayo hayakuwa ya mtu yeyote.