Je, wajua? Chumvi haikazi maharage, nyanya ndiyo inayoyakaza

Jumapili moja ya mwisho wa mwezi, siku zile ambazo mtu hupika kilichopo na si anachokitamani, nilikusanya masalia ya kabatini: vikombe viwili vya mahindi ya kukoboa, maharage ambayo sikumbuki yalinunuliwa lini, kitunguu kimoja, karoti moja, na nyanya nne zilizokwisha kulegea. Hayo ni makande tayari, maana makande hayana makuu. Kwa kuwa nyanya zile zisingefika jioni, nilizikatia humo humo tangu mwanzo. Saa tatu baadaye mahindi yameiva, maharage yanagonga kijiko kama gololi, na gesi imekata. Binti wa dada yangu akasema taratibu, "Mjomba, mimi niliweka chumvi kidogo ulipokuwa unaoga."

Kesi ikaisha hapo. Chumvi ilitiwa mapema, maharage yakakaza, kila mtu anajua. Nilimtania kwa kosa hilo miaka na miaka, kila yakipikwa maharage. Na nilimsingizia.

Kwamba chumvi hukaza maharage ni somo tunalopewa jikoni kabla hata ya kuruhusiwa kushika mwiko, na nimelisikia kwa watu wanaopika kunishinda mara kumi. Lina chembe ya ukweli: chumvi ikiwa kwenye maji ya kuchemshia, maji huingia ndani ya punje polepole kidogo. Lakini kuchelewa kidogo siyo kugoma kuiva. Chumvi hiyo hiyo ukiitia kwenye maji ya kulowekea usiku, hufanya kinyume kabisa cha inachotuhumiwa: hulainisha.

Kuelewa kwa nini, inabidi tuingie ndani ya punje. Harage limejengwa kwa seli, mithili ya nyumba ya tofali. Ndani ya kila tofali kuna wanga na protini. Kinachoshika tofali moja na lenzake ni udongo uitwao pektini, jamaa yule yule anayegandisha jamu ya matunda. Harage kuiva maana yake siyo tofali kuyeyuka. Ni udongo kulegea, kiasi kwamba ukibonyeza kwa ulimi, tofali zinaachana zenyewe. Ukipika saa nne na udongo haujalegea, unachotafuna bado ni ukuta.

Udongo huo nao ukiutazama kwa karibu ni kamba ndefu zilizolala sambamba. Katikati yake kuna kalsiamu na magnesiamu, na kila moja ina mikono miwili: mkono huu umeshika kamba hii, mkono ule umeshika kamba ya jirani. Ndiyo maana kamba haziteleziki. Sasa chumvi ya mezani ina sodiamu, na sodiamu ina mkono mmoja tu. Ukiloweka maharage usiku kucha kwenye maji yenye chumvi, sodiamu huingia kwa wingi kwenye ganda na kukalia nafasi za wale wenye mikono miwili. Inashika kamba moja, ya jirani inabaki haina wa kuishika. Asubuhi unamwaga maji yale, unasuuza, unabandika, na ganda lililoingia motoni limekwishalegea. Vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa lita moja ya maji vinatosha.

Hiyo ni kazi ya mikono. Moto una kazi yake nyingine: kuzikata kamba zenyewe vipande vipande. Hapa ndipo nyanya zinapoingia, na hapa ndipo kosa langu lilipo. Kisu cha moto hukata vizuri maji yasipokuwa na uchachu. Ukali wa uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo maji safi yako 7 na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Nyanya huwa karibu na 4. Ndimu na ukwaju huwa chini zaidi. Kwenye mchuzi wa namna hiyo kisu kinakuwa butu: maji yanatokota, mvuke unapanda, mkaa unateketea, na kamba za pektini zimetulia kama zilivyo. Mahindi yangu yaliiva kwa sababu yalishakobolewa, ganda lao lilibaki kinuni. Maharage yalikuwa na ganda lao zima, na nyanya nne juu yake.

Siku moja niliamua kuhakikisha, nikatumia maharage ya mfuko mmoja na sufuria tatu ndogo. Fungu la kwanza nilililoweka kwa maji ya chumvi, la pili kwa maji matupu, la tatu kwa maji matupu kisha nikalitia nyanya tangu mwanzo wa kuchemsha. La chumvi liliwahi kulainika, na maganda yake hayakupasuka sana. La pili likafuata. La tatu nililizima kwa huruma. Sufuria tatu juu ya jiko la nyumbani si maabara, lakini zilitosha kunipeleka kwa yule binti kuomba radhi.

Imani ya chumvi imetoka wapi basi? Nina dhana yangu, na ichukuliwe kuwa dhana. Kiswahili kinatumia neno moja kwa vitu viwili. Maji ya visima vingi tunayaita maji ya chumvi, yale ambayo sabuni haitoi povu na birika linaota ukoko mweupe ndani. Shuleni yaliitwa maji magumu, na ugumu wake ni kalsiamu na magnesiamu, wale wale wenye mikono miwili. Pika maharage kwa maji hayo na kweli yatakaza, kwa sababu umeyaongezea wa kushika kamba. Aliyesema kwanza kwamba "chumvi inakaza maharage" huenda alikuwa anakisema kisima chake, na alikuwa sahihi.

Wamarekani wa Boston wameligeuza tatizo hili kuwa pishi. Maharage yao ya kuoka hutiwa molasi, ile shira nyeusi ya miwa, ambayo ina kalsiamu nyingi na uchachu kidogo, ndiyo maana yanakaa motoni siku nzima bila kugeuka uji. Walitaka punje ibaki nzima. Mimi nilitaka kula.

Maharage yangu yalikuwa na kosa la pili, umri. Yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu, huwa magumu kwa namna ambayo hata kuloweka hakuimalizi. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba kalsiamu na magnesiamu zilizokuwa zimefungiwa ndani ya punje huachiliwa taratibu na kwenda kushika kamba za pektini. Wataalamu wengine wanaona hilo si jibu lote. Sokoni, muuza nafaka akikuambia "haya mapya, yanaiva mara moja", maneno yake yana thamani kuliko rangi ya harage. Na wa nyanda za juu wana mzigo wa ziada: Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji hutokota kwenye nyuzijoto kama 93 badala ya 100. Huko presha kuka si anasa.

Halafu kuna magadi, dawa ya bibi zetu. Vile vibonge vyeupe vinavyotoka maeneo kama Ziwa Natron na Ziwa Magadi ni chumvichumvi za sodiamu, na tena ni kinyume cha uchachu. Kwa hiyo yanafanya kazi zote mbili kwa mpigo, yanabadilisha mikono na kunoa kisu. Ndiyo maana kipande kidogo tu huonekana kama uchawi. Ila yana gharama. Yakizidi, harage linakuwa na utelezi na ladha ya sabuni, na vitamini B1 inapungua. Magadi ya ziwani pia yanaweza kuwa na floraidi nyingi, ambayo watoto wakiila kwa muda mrefu huwatia madoa ya kahawia menoni. Mimi siyatumii kila siku.

Jambo moja la usalama, hasa kwa maharage mekundu: yatokote kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mtokoto, na moto wa kuvugavuga hauitoshi.

Kwa makande yangu ya sasa, chumvi inaingia usiku na kumwagwa asubuhi. Nyanya, kitunguu na karoti vinakaangwa pembeni, vinasubiri mpaka nibonyeze harage kwa vidole viwili lisagike. Tui zito la nazi linaingia mwisho kabisa. Na kama umeshatia nyanya mapema, mtungi unaelekea kuisha na wageni wako mlangoni, nyunyiza magadi kidogo, chini ya robo ya kijiko cha chai, ili kuua uchachu. Povu litapanda ghafla, kwa hiyo punguza moto kwanza na uhakikishe sufuria haijajaa hadi juu.