Goti halipandwi kama mihogo

Wiki jana Hajji mmoja wa Bombo, hapa Uganda, aliingia kliniki kwangu na hata salamu hatujamaliza akatoa simu, video inacheza, mzungu wa koti jeupe anasema goti lililokwisha linapandwa seli na baada ya miezi mtu anakimbia. Akaniambia, "Daktari mwanangu, kumbe siku hizi mnapanda gegedu kama mihogo, mbona hamtuambii?" Nikacheka, lakini swali ni zuri, na nimeshalijibu vibaya mara nyingi kwa sababu ya foleni, sasa leo acha nilijibu polepole.

Gegedu ni ile nyeupe ya kuteleza mwishoni mwa mfupa wa kuku, ile watoto wanapigania mezani. Kwenye goti lako ina unene wa milimita 2 mpaka 4 hivi, na sehemu kubwa ni maji yaliyoshikwa na nyuzi za protini inayoitwa kolajeni. Seli zenyewe ni chache, hazizidi asilimia 5 ya ujazo wake, kila moja imejifungia kachumba kake, hakuna mshipa wa damu, hakuna neva. Ndiyo maana ikiumia yenyewe tu unaweza usisikie kitu, na ndiyo maana haiponi. Mfupa ukivunjika damu inamwagika palepale, inaganda, seli za ukarabati zinafuata, kazi inaanza, lakini gegedu nani ataipelekea habari? Mwaka 1743 daktari William Hunter aliandika huko London kwamba ikishaharibika hairudi, na mpaka leo hatujampinga sana.

Miaka ya 1980 daktari wa upasuaji Richard Steadman kule Marekani alisema basi tuilazimishe damu ifike, akawa anatoboa vishimo vidogo kwenye mfupa chini ya kidonda ili uboho upande juu. Inapandisha kitu kweli, lakini ni gegedu ya kovu, ya nyuzi nyuzi, haina ule utelezi, na kwa wengi baada ya miaka michache maumivu yanarudi.

Halafu 1994 madaktari Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Gothenburg, Sweden, wakatoa ripoti ya wagonjwa 23. Walichukua kipande kidogo cha gegedu pembeni mwa goti pasipobeba uzito, wakatoa seli, wakazizalisha maabara kwa wiki kadhaa, wakazirudisha kwenye shimo na kulifunika kwa utando wa mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenyewe. Waliokuwa na shimo mwishoni mwa mfupa wa paja walikuwa 16, na 14 walipata matokeo mazuri baada ya miaka miwili. Wa nyuma ya kifuniko cha goti walikuwa 7, wakafaulu 2 tu, hiyo watu wa video hawaisemi.

Wenye mashamba Masaka wataielewa haraka, ni kama kitalu cha kahawa, unazalisha miche pembeni halafu unahamisha. Shida ni kwamba seli ya gegedu ukiitandaza kwenye sahani bapa inazaana vizuri ila inasahau ukoo wake, inalala bapa, inaanza kutengeneza kolajeni ya kovu badala ya ile ya gegedu. Ukiirudisha kwenye nyumba yenye urefu, upana na kina, nyingi zinakumbuka. Hiyo nyumba ndiyo tunaita kiunzi. Siyo cha kujazia shimo tu kama putty ya fundi, lazima kishike seli, kipitishe chakula, kivumilie kukanyagwa, halafu kiyeyuke kwa kasi ileile tishu mpya inavyojengeka. Kikiyeyuka mapema shimo linabonyea, kikichelewa kinaziba njia.

Hapo Hajji akauliza kinatengenezwa na nini. Nikamwambia ukweli, kile kilichopitishwa Marekani mwaka 2016 ni utando wa kolajeni ya nguruwe. Akanyamaza. "Basi langu libaki hivihivi." Nikamwambia zipo aina nyingine, hata za jeli ya mwani zinafanyiwa kazi maabara, akatikisa kichwa tu.

Mfupa ni hadithi nyingine. Unajua kupona, shida yake ni ukubwa. Seli ikiwa mbali na mshipa wa damu, hata robo ya milimita, inakosa oksijeni, kwa hiyo ukiweka kiunzi kikubwa chenye seli nyingi, za katikati zinakufa kabla mishipa haijafika. Na sisi mapengo makubwa tunayaona sana, boda imegongwa, muundi umepoteza kipande cha sentimita 6. Tunachofanya ni mbinu ya Masquelet, yule daktari wa upasuaji Mfaransa. Unaweka simenti ya upasuaji kwenye pengo, unangoja wiki 6 mpaka 8, mwili wenyewe unaizungushia utando wenye damu nyingi, unarudi, unatoa simenti, unajaza vipande vya mfupa wa nyonga. Mimi nasema hiyo ni uhandisi wa tishu bila maabara, na kwa mazingira yetu naiamini kuliko vitu vingi vya kwenye makongamano.

Wale wanaouza mjini vidonge vya "seli shina", yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, siwapotezei muda, seli hai haikai kavu ndani ya kopo.

Sasa goti la Hajji. Ana miaka 68, eksirei inaonyesha mfupa unasaga mfupa pande zote, na mguu umeingia matege. Kiraka unatia kwenye tairi yenye tundu, tairi kipara utatia wapi? Seli zinamfaa mtu kijana, shimo moja, gegedu ya kuzunguka nzima, mguu umenyooka, na ana nafasi ya kukaa kwenye magongo wiki kadhaa bila kukanyaga vizuri. Nikamweleza mazoezi, uzito, na baadaye goti la chuma.

Akasimama na bakora yake, akafika mlangoni akageuka. "Na huyu aliyenileta?" Mjukuu wake alikuwa nje juu ya pikipiki, miaka 22, goti la kulia limefungwa bendeji tangu mechi ya Januari, linakwama akipanda ngazi. Nikamwambia, Hajji, muite aingie.