Kabla hamjapandisha paneli juu ya bati, nendeni kwanza jikoni

Mwezi uliopita mkuu wa shule moja ya bweni, njia ya kwenda Muheza, alinipigia simu akaniambia fundi nataka sola ya shule nzima niachane na umeme wa LUKU, nipigie hesabu. Nikamwambia mwalimu, hesabu nitakupigia ila naomba kesho alfajiri nije nikae jikoni. Akanyamaza kidogo, nadhani alitegemea ningeomba vipimo vya bati.

Saa kumi na moja nikawa pale. Mama mpishi keshawasha, moshi umejaa mpaka taa haionekani, nikamwamkia shikamoo mama akaitikia marahaba mwanangu bila kuniona vizuri maana macho yanamchuruzika machozi. Nimefunga sola Tanga hii miaka mingi sasa, Pongwe, Maramba, Pangani mpaka Korogwe, na kitu kimoja nimejifunza kwa kuchelewa ni kwamba shule inayotaka kujitengenezea nishati yake ikianza na taa imeanzia mwisho. Nishati ya shule ya bweni iko kwenye mafiga. Taa ni kidogo sana jamani, kidogo mno, ngoja niwaonyeshe.

Chukulia madarasa 12, kila darasa tyubu 4 za LED za wati 18, zinawaka saa 4 za kujisomea usiku. Piga hesabu, ni kama uniti 3 na nusu tu, uniti zilezile za LUKU. Ongeza mabweni, taa za nje, ofisi, kompyuta chache na printa, tuseme uniti 8 kwa siku. Sasa rudi jikoni. Shule ya watoto 400 inayopikia mafiga matatu, tuseme inachoma kilo 200 za kuni kwa siku, na kuni kavu kilo moja ina nishati ya kama uniti 4, kwa hiyo hapo umechoma uniti 800. Mia nane! Halafu katika hizo, mafiga ya wazi yanaingiza kwenye sufuria kama sehemu moja ya kumi tu, labda ikizidi kidogo, zilizobaki zinapasha ukuta na kumuunguza mama wa watu miguu. Ndiyo maana nikiambiwa shule imekuwa ya nishati jadidifu, yaani isiyoisha, kwa sababu ina paneli 6 juu ya bati huku nyuma lori la kuni linashusha, naumia, sio kwa kumlaumu mtu ila kwa sababu hela imetumika na tatizo lenyewe limebaki vilevile.

Na sasa sio hiari tena. Serikali ilishatoa agizo kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Wakuu wengi wamelisikia agizo wakakimbilia mitungi ya gesi, sawa, mtungi ni safi, lakini mtungi unaununua kila mwezi kama ulivyokuwa unanunua kuni, hapo hujazalisha kitu.

Kitu cha kwanza kwa hiyo hakina hata waya. Maharage yalowekwe usiku, sufuria iwe na mfuniko wake unaokaa sawasawa, na jiko liwe banifu la kujengea ambalo sufuria inazama ndani na moshi unatoka kwa bomba. Pale Muheza tulipima kuni siku mbili na mzani wa kupimia mahindi, siku ya kwanza wakapika kama kawaida, siku ya pili maharage yamelowekwa na mifuniko ipo, na mkuu mwenyewe ndiye alikuwa anasoma mzani. Sikuhitaji kumshawishi tena.

Cha pili ni bayogesi, yaani gesi ya kupikia inayotoka kwenye kinyesi kikioza ndani ya shimo lililofunikwa, na hapa Tanga tumebarikiwa, joto letu la pwani vijidudu vya mle shimoni wanalipenda kweli, hawapati baridi ya kuwalaza kama kule juu Lushoto. Kinyesi kibichi cha ng'ombe kilo moja kinatoa kama lita 40 za gesi, unachanganya na maji kiasi sawa. Ng'ombe 10 wa ndani ukiokota kilo 10 kwa kila mmoja unapata mita za ujazo 4 kwa siku. Lakini watu wanasahau choo. Mwanafunzi mmoja wa bweni anatoa kama lita 20 za gesi kwa siku kupitia choo, watoto 400 hiyo ni mita za ujazo 8, yaani mara mbili ya ng'ombe wote hao, na shule tayari inalipa gari la kunyonya kuja kuitoa!

Kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja wa kanzu akasimama akauliza, mwanangu hiyo gesi ya chooni ndiyo itakayompikia mjukuu wangu ugali? Swali la haki kabisa na mimi sikutaka kulijibu kwa kemia. Tukakaa tukazungumza, tukakubaliana mashimo mawili tofauti na mabomba tofauti. Gesi ya ng'ombe inakwenda kwenye sufuria za chakula, ya chooni inachemsha maji ya kuoshea vyombo na inakwenda maabara, maana wale wanafunzi wa sayansi walikuwa wanafanya praktiko kwa taa ya spiriti. Tope linalotoka shimo la ng'ombe linamwagwa kwenye mchicha, la chooni linakwenda kwenye michungwa tu, kwenye mboga hapana, hilo ni suala la afya wala sio la aibu.

Gesi hii ina harufu ya yai viza na ile harufu inakula chuma, vichomeo vya jiko vinatoboka. Dawa yake ni rahisi, unaipitisha gesi kwenye bomba ulilojaza stilwaya ya kusugulia masufuria iliyoshika kutu, kutu inakamata ile sumu, ikishageuka nyeusi unabadilisha. Na tafadhali sana, kibao kikubwa mlangoni mwa choo: dawa kali za kuulia vijidudu ni marufuku. Nimeshaitwa shule moja gesi imekata kabisa wiki tatu, kumbe usafi wa kupokea mgeni, wakamwaga madumu ya dawa kwenye choo, vijidudu wote wakafa, ikabidi tuanze upya na kinyesi cha ng'ombe kama mtu anayeanzisha mtindi.

Wanaokaa karibu na mashamba ya mkonge wana bahati zaidi. Kwenye jani la mkonge ni kama asilimia 4 tu inayokuwa singa, yaani nyuzi za kamba, mengine yote ni taka na maji, na pale Hale walishajenga mtambo wa kuzigeuza taka hizo kuwa gesi na gesi kuwa umeme, kwa hiyo sio ndoto ya kwenye karatasi, ni kitu cha mkoani kwetu.

Sasa ndiyo tupande juu ya bati. Kilowati moja ya paneli huku kwetu inakupa kama uniti 4 kwa siku ya kawaida, masika inashuka, kwa hiyo kwa uniti zetu 8 mimi naweka kilowati 3 nisije nikalala giza mwezi wa nne. Zielekee kaskazini maana tuko kusini mwa ikweta, mwinamo kama nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi. Nati na bolti ziwe za stenlesi, chumvi ya bahari haina huruma, nimeona fremu karibu na Raskazone ambayo bolti zimeliwa mpaka zinamomonyoka kwa kucha. Na angalieni kivuli. Pale Muheza kuna mwembe mkubwa, asubuhi kivuli chake kinagusa kona ya bati la ukumbi, unaweza kuona ni kakivuli kadogo ila paneli zimefungwa mfululizo kama shanga, ukiibana moja umeibana foleni nzima. Mtu akasema tuukate. Nikasema hapana, watoto wanasomea pale chini, tukahamishia paneli kwenye bati la maabara.

Pampu ya kisima ipewe paneli zake, bila betri. Jua likiwaka inavuta, tenki linajaa, usiku mnatumia maji ya mchana. Tenki la maji juu ya mnara ni betri isiyokufa.

Betri zenyewe ndizo zinazoniliza. Nimefungua chumba cha betri shule moja nikakuta terminali zina ukoko wa kijani mzito kama moss, maji ya ndani yamekauka, na kwenye soketi ya jirani kuna pasi na hita ya chai. Waliofunga walikuja wakafunga wakapiga picha wakaondoka, waja leo waondoka leo, hakuna aliyeachiwa hata karatasi inayosema soketi hii mwisho wati ngapi. Betri za asidi ukizinyonya mpaka chini kila usiku miaka miwili mitatu zimekwisha, lithiamu zinavumilia zaidi lakini bei mnaijua. Kwa hiyo wekeni breka ndogo, swichi inayojikata, kwenye kila mzunguko ili pasi ikichomekwa izime yenyewe, na akaunti ya akiba ya betri mpya kuanzia mwezi wa kwanza. Hela yake inatoka wapi? Uniti 8 kwa siku kama 200 za masomo ni uniti 1,600, kwa bei ya T1, daraja la wateja wa kawaida wa TANESCO, ya shilingi 292 iliyopangwa 2016 ukiweka VAT na tozo haifiki laki 6 kwa mwaka. Hiyo ndiyo mliyookoa kwenye LUKU, msiile, iwekeni. Na mtaona wenyewe kwamba ni ndogo ukilinganisha na lori za kuni, narudi palepale pa jikoni.

Mwezi wa sita na wa kumi na mbili shule zimefungwa na jua linawaka bure. Vyuo vikubwa viulize TANESCO habari ya mita ya kupokea umeme na kuwarudishia unaozidi, na mtambo ulio chini ya megawati 1 Sheria ya Umeme ya 2008 haiutaki leseni ya uzalishaji, kwa hiyo karatasi zisiwatishe. Wenye fani ya umeme na ujenzi chuoni kwao wawatumie wanafunzi wao, kuba la bayogesi, lile paa la duara la shimo, ni darasa tosha la uashi.

Pale Muheza shimo la kwanza tunachimba wiki ijayo. Siku ya kupima nilimuuliza mama mpishi yeye anataka nini kwenye jiko jipya, akashangaa kidogo, akasema mwanangu mimi nataka nisiinuliwe mabega nikisonga, lile lingine walilotujengea lilikuwa refu tukalivunja. Tukamsimamisha ukutani na mwiko wake mkononi, nikaweka alama ya chaki chini kidogo ya kiwiko, ukingo wa sufuria uishie hapo, na hicho ndicho kipimo cha kwanza kilichoandikwa kwenye mchoro.