"Fundi, Imezima Ghafla Tu": Dhana Potofu Kuhusu Injini Kufa na Waranti Kukataliwa

Jumatatu bredauni ilishusha mbele ya gereji yangu gari la tatu ndani ya mwezi huu lenye kisa kile kile. Mwenye gari, kijana mstaarabu, alinisalimia vizuri kisha akatoa karatasi mfukoni: muuzaji amekataa kulipia injini ingawa waranti bado ina miezi mitano. Nikamuuliza ilikuwaje. "Fundi, imezima ghafla tu. Na taa ya oili haikuwaka, naapa."

Namwamini kwamba haikuwaka. Shida ni maana aliyoipa. Haya ninayoyaandika huwa nayasema injini ikiwa imeshashushwa na kufunguliwa, mwenyewe amesimama pembeni anapiga hesabu ya hela. Safari hii nataka yasomwe mapema.

"Taa ya oili haikuwaka, kwa hiyo oili ilikuwepo"

Ile taa nyekundu yenye picha ya kikopo haipimi kiasi cha oili. Inaendeshwa na swichi ya presha, tena swichi iliyowekwa chini sana: kwa magari mengi taa inawaka presha ikishaanguka karibu na baa 0.3. Injini nzima ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huwa na baa 2 mpaka 5. Katikati hapo pana nafasi kubwa ambamo beringi zinaliwa na dashibodi iko kimya. Maadamu pampu inapata cha kunyonya chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, taa haina habari na wewe. Oili ikizidi kupungua, pampu inaanza kumeza hewa kwenye kona, kwenye breki kali, kwenye mlima. Hapo taa inachungulia sekunde moja na kuzima. Wateja wangu wengi waliiona hiyo sekunde moja wakadhani ni waya.

Krenkshafti, ule mhimili mkuu wa injini, inapozunguka haigusi beringi. Inaelea juu ya utando wa oili wenye unene wa mikroni chache. Utando ukikatika, chuma kinasugua chuma, beringi inapata joto, inashika, na ndiyo injini kunoki. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, anayeniambia "nilitembea dakika tano tu nifike sheli" amezungusha krenki kavu mara 12,500. Taa nyekundu ikiwaka gari likitembea hakuna cha "nifike". Unatoka barabarani, unazima, hapo hapo ulipo.

Sasa hesabu ya kijana wangu. Sevisi zake zote zimepigwa muhuri, na ya mwisho ilikuwa kilomita 4,600 nyuma. Injini yake inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Tulipofungua sampo haikutoka hata lita moja, na hapakuwa na dalili ya kuvuja popote. Injini ilikuwa inakula oili taratibu, na tangu siku ya sevisi hakuna aliyechomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Injini inayokula lita 1 kila kilomita 1,500 inamaliza lita 3 ndani ya kilomita 4,500, kabla ya ile 5,000 iliyoandikwa kwenye stika. Wala kiasi hicho si cha ajabu. Vitabu vya watengenezaji kadhaa vinahesabu hata lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa bado ni ndani ya kiwango, kisha vinamwachia mwenye gari kazi ya kuangalia na kuongeza. Wenye injini za Toyota 1ZZ za mwanzo, zile za kabla ya ringi na pistoni kuboreshwa, wanalijua hili vizuri maana dumu la oili halitoki kwenye buti.

Kwa hiyo muuzaji aliandika "mmiliki hakuangalia kiwango cha oili" na akataja kipengele cha kitabu. Nilikitafuta kile kipengele, kipo. Mihuri ya sevisi inathibitisha kwamba oili ilimwagwa ikawekwa mpya siku ile. Haithibitishi kwamba wiki kumi baadaye ilikuwa bado ipo.

Ushauri wangu ni ule ule ninaompa kila anayelipia sevisi kwangu. Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa baridi na mahali tambarare, kabla hujawasha: chomoa dipstiki, futa, rudisha, chomoa tena, soma. Ipige picha, kisha piga picha ya kilomita kwenye dashibodi. Ni dakika mbili. Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja. Ikifika katikati, ongeza kidogo kidogo. Usipite alama ya juu, maana krenki itaipiga oili itoke povu, na povu halibebi beringi.

"Mshale wa joto ulikuwa chini, haiwezekani ilichemsha"

Inawezekana, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Sensa ya joto imetengenezwa isome maji. Maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka ukakupa moyo wakati silinda hedi, kichwa cha injini, inaungua. Wapandao mlima Kitonga na mzigo wamenielewa. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla, chukulia kwamba maji yameisha. Simama, zima, usiguse mfuniko wa rejeta mpaka injini ipoe. Maji yaliyofungiwa kwa presha huko ndani yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanalipuka usoni. Usimwage maji ya baridi juu ya injini ya moto pia. Hedi za siku hizi ni aluminiamu, na kupinda sehemu ndogo tu ya milimita kunatosha kuua gasketi.

Magari mengi kompyuta yake inaandika hali ilivyokuwa pale kosa lilipotokea: joto la injini, mizunguko, mwendo. Kwa hiyo ukidai "haikuchemsha" na kompyuta ikasema nyuzi 125, umepoteza imani ya anayesoma faili lako kabla hajafika ukurasa wa pili. Sema unachokijua tu.

"Jaribu tena, pengine itawaka"

Hapana. Kama imezima yenyewe ikiwa mwendoni na sababu huijui, kila unapopiga stata unacheza kamari na kilichobaki. Kwa injini ambazo valvu na pistoni hufikiana, beliti ya taimingi ikikatika valvu zinapindwa. Ukipiga stata tena unaongeza nyingine. Mbaya zaidi ni maji. Mvua zikinyesha Dar na bonde la Jangwani likajaa, kuna watu wanaingia, gari linazima katikati, wanalisukuma mpaka pakavu, halafu wanawasha. Maji hayagandamiziki. Pistoni inapanda, inayakuta, na koneti rodi, mkono unaoishika pistoni, inapinda. Gari lililozimia majini lingeweza kutolewa plagi, kukaushwa, kubadilishiwa oili na kutembea. Aliyeliua ni yule aliyewasha tena. Na bima kubwa, hata kama yako inalipia mafuriko, inapata hoja ya kusema kwamba uharibifu huo ulitokana na wewe.

"Iko ndani ya waranti, lazima walipe"

Waranti ya mtengenezaji inalipia kasoro ya kifaa au ya uundaji. Hailipii kuchakaa, kukosa oili, mafuta machafu au gari lililochemshwa. Swali atakaloulizwa mkaguzi ni nini kilianza, na jibu liko ndani ya injini. Oili pampu ikifeli huku sampo imejaa oili safi, hilo ni lao. Beringi zikiliwa huku sampo ni tope jeusi, ni lako. Ndiyo maana nasema neno "ghafla" halikusaidii. Kwa anayefungua injini, uchakavu wa miezi na uvunjikaji wa siku moja havifanani hata kidogo.

"Ukifanya sevisi nje, waranti imekufa"

Hii na kinyume chake zote nazisikia. Wapo wanaonionyesha video za Wamarekani kwamba sheria inamkataza muuzaji kudai sevisi ifanyike kwake. Sheria hiyo ipo, ni ya mwaka 1975, na ni ya Marekani. Gari ulilonunua Dar linaongozwa na kijitabu ulichopewa Dar. Kisome. Kama kinasema sevisi zifanyike kwao, fanya kwao mpaka muda uishe. Mimi mwenyewe huwarudisha wateja wa namna hiyo. Kama hakisemi, fanya popote, lakini dai risiti yenye tarehe, kilomita, namba ya gari, aina ya oili na filta iliyowekwa. Kikaratasi kilichoandikwa "sevisi – imelipwa" hakina maana yoyote.

"Nina bima kubwa"

Bima kubwa ni ya ajali, moto, wizi na mengine yaliyoorodheshwa. Injini kufa kwa ubovu wake haimo.

"Lilikaguliwa Japani, nina cheti"

Ukaguzi wa kabla ya kusafirisha unaangalia kama gari linafaa kutembea barabarani. Hakuna anayefungua injini. Hata karatasi ya mnada yenye alama ya 4 au 4.5 inazungumzia hali ya gari siku ile, haimwahidi mtu kitu. Ukinunua yadi na ukaambiwa "injini na giaboksi mwezi mmoja", iandikwe kwenye mkataba, na iandikwe ni nani atagharamia spea na nani atalipa ufundi. Mdomo hauna waranti.

"Wakishakataa, basi"

Si kweli, ila hapa ndipo watu wanapoharibu kesi nzuri. Mama mmoja wa Kibaha alikataliwa kwa maneno, dirishani, akaja kwangu akiwa amekata tamaa na akitaka nishushe injini siku hiyo hiyo. Nilimwambia, "Mama, sigusi nati hata moja." Injini ikishafunguliwa bila upande wa pili kuwepo, lolote nitakaloliona litaitwa la kutengeneza.

Tulianza na maandishi. Akawaandikia barua akitaka sababu ya kukataliwa na kipengele wanachokitegemea, na akabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tulisoma makosa kwenye kompyuta, tukapiga picha kila kioo, na hatukufuta hata moja. Nalisisitiza hili kwa sababu mafundi wenzangu wana mkono mwepesi sana wa kufuta, na wakifuta wanaondoka na ushahidi wa mteja. Kisha akawaomba watume fundi wao, tukapanga siku. Oili ilimwagwa mbele ya wote, ikapimwa kwa jagi, sehemu ikawekwa kwenye chupa safi, ikafungwa na kusainiwa pande zote. Filta ya zamani ilihifadhiwa. Sampo ilipotoka, kila kitu kilipigwa picha kabla ya kufutwa.

Yule mama alikuwa na kitu ambacho kijana wa Jumatatu hakuwa nacho: miezi saba ya picha za dipstiki kwenye simu, karibu kila Jumamosi, zote juu ya katikati. Oili iliyotoka ilikuwa imetimia. Oili pampu ndiyo iliyokuwa imefeli. Fundi wao aliangalia, akaniangalia, akasaini.

Wangeendelea kukataa, hatua inayofuata ilikuwa malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo Sheria ya Ushindani ya 2003 imeipa pia kazi ya kumlinda mlaji. Huko nako wanataka karatasi: mkataba, barua yako na jibu lao, risiti, taarifa ya ukaguzi. Ukienda na hasira peke yake unarudi nayo.

Na kama mwisho wa yote utanunua injini iliyotumika, ujue kwamba wauzaji wengi wa mtaa wa Gerezani, Dar, wanatoa dhamana ya siku chache tu, inayohesabiwa tangu siku ya kununua hata kama injini bado imelala sakafuni kwa fundi. Usiilipie kabla fundi hajawa na nafasi ya kuifunga wiki hiyo hiyo. Weka oili na filta mpya kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, badilisha temostati na beliti ikiwa bado iko nje maana hapo kazi ni rahisi, na usitoe alama ya rangi aliyoipaka muuzaji kwenye nati mpaka muda wake uishe.